Tishu nne za mwili wa binadamu: mwongozo wa kuzijua kwa mguu wa kuku

Mwanafunzi mmoja wa kidato cha kwanza aliwahi kuniuliza, "Mwalimu, mshipa ni tishu gani?" Nilikuwa nimeshachora jedwali ubaoni: tishu funiko, tishu unganishi, tishu ya misuli, tishu ya neva. Swali lake halikuwa na jibu moja, kwa sababu Kiswahili chetu kinaita mshipa vitu vitatu tofauti. Kuna bomba la damu. Kuna uzi unaopeleka habari kati ya ubongo na viungo. Na kuna ile kamba ngumu inayochomoza nyuma ya goti mtu akikaza mguu. Cha kwanza kimejengwa na tishu kadhaa kwa pamoja, cha pili ni tishu ya neva, cha tatu ni tishu unganishi. Jedwali langu lilikuwa sahihi, na mtoto alikuwa bado gizani. Wiki iliyofuata niliingia darasani na mguu wa kuku.

Tangu siku hiyo sifundishi somo hili bila sinia. Kuku ni ndege, lakini tishu zake ni hizi hizi nne tulizo nazo sisi, na pale anapotofautiana na binadamu nitasema. Mwongozo huu unamfaa mwanafunzi anayejisomea nyumbani, mzazi anayemsaidia mtoto, na mwalimu wa shule isiyo na hadubini.

Hadubini hailazimiki kwa kuanzia. Daktari Mfaransa Xavier Bichat, aliyefariki mwaka 1802 akiwa na miaka 30 tu, alitofautisha tishu 21 za mwili wa binadamu bila kuitumia. Alichemsha, alikausha, aliozesha, alitia vipande kwenye asidi, kisha akaangalia kila kipande kimebadilika vipi. Hadubini zilipoboreshwa baadaye, makundi yale yalipangwa upya yakawa manne. Njia yake ni ya jikoni kabisa, na ndiyo tutakayoifuata.

Kabla ya kushika kisu: maswali mawili

Tishu ni kundi la seli zinazofanana na kushirikiana kazi moja, pamoja na vitu vilivyo katikati ya seli hizo. Wanafunzi wengi hukariri nusu ya kwanza ya maana hiyo na kuiacha ya pili, na hapo ndipo wanapopotea. Kwa kila kitu utakachokigusa, jiulize: seli zake zimebanana au zimeachana? Na kama zimeachana, katikati yake kuna nini?

Seli zikiwa zimebanana kama vigae vya sakafuni na kufunika uso fulani, hiyo ni tishu funiko. Zikiwa zimetawanyika ndani ya kitu kingine, kiwe kigumu, kiwe laini au kiwe majimaji, hiyo ni unganishi. Zikiwa ndefu na zinaweza kujikunja na kujinyoosha, ni misuli. Zikiwa na mikia mirefu inayosafirisha ishara, ni neva.

Hatua ya 1: Kununua na kujiandaa

Mwambie muuzaji asikate vipande. Unataka mguu mzima, kuanzia nyongani hadi kwenye kucha, pamoja na ngozi yake. Omba pia mguu wa pili wa chini (ule wa magamba), moyo na firigisi ambayo haijamenywa. Kuku wa kienyeji aliyekomaa ni bora zaidi. Kuku wa nyama wa kisasa huchinjwa akiwa bado na wiki chache tu, hivyo kano zake ni nyororo na utando wake unachanika ovyo.

Andaa sinia, kisu kidogo kikali, mkasi, vijiti vya meno, karatasi za kufutia, chupa ya kioo yenye mdomo mpana, na siki nyeupe ya kutosha kufunika mfupa.

Kuku mbichi anaweza kubeba bakteria wa salmonela na wa kampilobakta, kwa hiyo usimsuuze chini ya bomba: maji yakiruka hueneza vijidudu hadi kwenye vyombo vilivyo kando. Mfute kwa karatasi, itupe, na ukimaliza osha mikono, sinia na kisu kwa sabuni. Mboga za kachumbari zisiwe karibu. Mwenye kidonda mkononi avae glavu.

Hatua ya 2: Tishu funiko

Chukua ule mguu wa chini wa pili, mwagia maji yaliyotoka kuchemka juu ya vidole, subiri nusu dakika, kisha vuta gamba la njano. Linatoka kama soksi. Waliowahi kupika miguu ya kuku wanaijua kazi hii vizuri, ila pengine hawakuambiwa kwamba wanachomenya ni tishu funiko: tabaka juu ya tabaka la seli zilizobanana, za juu zikiwa zimekufa na kujaa protini ngumu iitwayo keratini.

Angalia mambo mawili. Kwanza, ulichomenya ni chembamba sana. Pili, ukikichunguza huoni hata tone la damu ndani yake. Tishu funiko haina mishipa ya damu, hulishwa na tishu unganishi iliyo chini yake. Ukiwahi kupata lengelenge kwa kushika jembe, kile kifuniko chake ni tishu hii, ndiyo maana ukikitoboa hutoka maji na si damu.

Sasa geukia ngozi ya paja. Wengi husema "ngozi ni tishu funiko." Hapana. Ngozi ni ogani, yaani kiungo kilichojengwa na tishu zaidi ya moja. Sehemu ya juu pekee ndiyo funiko, na kwenye paja la kuku ni nyembamba kiasi kwamba sehemu yake hubanduka kwa maji ya moto wakati wa kunyonyoa. Kinachokunyookea mkononi unapoivuta ni tishu unganishi pamoja na mafuta.

Kwa binadamu tishu hii hubadilika kulingana na mahali. Kwenye vifuko vya hewa vya mapafu ni tabaka moja la seli bapa, ili oksijeni ipite haraka. Kwenye utumbo ni tabaka moja la seli ndefu zinazofyonza chakula, nazo hubadilishwa kila baada ya siku 3 hadi 5. Kwenye koo la hewa zina vijinywele vinavyosukuma makohozi juu. Kwenye kibofu zinatanuka na kurudi. Mdomoni zina matabaka mengi kama ngozini, ila bila ile keratini kavu. Tezi za jasho, mate na maziwa nazo zimetokana na tishu funiko iliyojikunja kuingia ndani.

Majina mengi ya aina hizi hufuata kanuni moja: matabaka mangapi, halafu umbo gani (bapa, mchemraba au ndefu). Ukiijua kanuni, huna haja ya kukariri orodha.

Hatua ya 3: Kati ya ngozi na mnofu

Inua ngozi ya paja taratibu kwa kidole na uangalie pale inapoachana na mnofu. Utaona utando mwembamba, mlaini, unaong'aa, wenye vipovu na nyuzi kama utando wa buibui. Hiyo ni tishu unganishi legevu. Kazi yake ni kushikilia vitu pamoja huku ikiviacha vijongee. Shika ngozi ya nyuma ya kiganja chako na uitelezeshe: kinachoiruhusu kuteleza ni hiki. Mgonjwa wa kisukari anapojidunga insulini chini ya ngozi, anailenga hapa na kwenye mafuta yaliyo jirani.

Yale mafuta ya njano ni tishu unganishi pia. Kila seli yake ni kama kifuko kilichojaa mafuta, kiini chake kikiwa kimesukumwa pembeni.

Hatua ya 4: Misuli ya mifupa

Weka kisu chini. Tenganisha minofu ya paja kwa vidole. Kila mnofu umevikwa utando mweupe unaong'aa (unganishi tena), na ukifuata mipaka ya utando huo utaitoa misuli mmoja mmoja ikiwa mizima. Kata mmoja kwa upana uone vifungu, kisha chana mwingine kwa urefu. Zile nyuzi unazoziona si seli moja moja. Ni vifungu vya seli nyingi, kwani seli yenyewe ya msuli haizidi sana unene wa unywele, ingawa inaweza kuwa ndefu kwa sentimita kadhaa na kuwa na viini vingi.

Chini ya hadubini seli hizi zina milia. Tunaziamrisha kwa hiari, na kwa binadamu misuli ya namna hii inazidi 600.

Ukiwa na kidari, kiweke kando ya paja. Paja ni jekundu zaidi kwa sababu lina mayoglobini nyingi, protini inayoshika oksijeni, inayofaa kwa kazi ya kutwa nzima ya kutembea na kuparura. Kidari hutumika kwa mpigo mfupi wa mabawa tu. Binadamu hatuna mgawanyo wa wazi namna hiyo, kila msuli wetu una mchanganyiko wa nyuzi za aina zote mbili.

Hatua ya 5: Mishipa mitatu

Hapa nenda polepole. Ndiyo hatua iliyonifanya niandike mwongozo huu.

Anza na kano. Fuata mnofu mkubwa wa muundi (ile sehemu iliyo kama rungu) kuelekea chini. Mnofu unapungua, unapungua, kisha unageuka kamba nyeupe ngumu inayong'aa. Kamba hiyo inapita nyuma ya kile watu wanachodhani ni goti la kuku lililopinda kinyume. Kwa kweli hicho ni kifundo cha mguu, goti lake halisi liko juu, kati ya paja na muundi. Tafuta kano hizo nyuma ya mguu wa magamba, zikate kwa juu, shika moja moja na uivute. Vidole vitajikunja kana kwamba kuku anashika tawi. Watoto hupiga kelele hapa, na mimi huwaacha wapige.

Kano ni tishu unganishi nzito: nyuzi za protini iitwayo kolajeni zimelala upande mmoja kama kamba ya katani, seli chache zimebanwa katikati. Damu inayoifikia ni kidogo, ndiyo sababu kano iliyochanika huchukua miezi kupona wakati msuli hupona kwa wiki. Kwenye mwili wako, bana nyuma ya kisigino. Hiyo kamba nene ndiyo kano kubwa kuliko zote.

Pili, bomba la damu. Rudi kwenye paja, upande wa nyuma, na utenganishe misuli hadi ndani. Utaona mrija wenye rangi nyekundu iliyoiva au zambarau. Ubonyeze kwa kijiti: unasinyaa, pengine unatoa damu. Ukiukata una tundu. Ndani umetandikwa tishu funiko, katikati una misuli laini, nje una tishu unganishi.

Tatu, neva. Ubavuni mwa mrija huo huo kuna uzi mweupe, kama uzi wa kushonea magunia, mlaini kuliko kano na usio na tundu. Ufuate kuelekea chini na utaona unagawanyika na kuingia kwenye misuli, wakati kano huishia kwenye mfupa. Huu ndio neva ya nyonga. Wafugaji waliokutana na ugonjwa wa Marek wanaijua: kuku hulala mguu mmoja mbele na mwingine nyuma, na daktari wa mifugo akimpasua huikuta neva hii imevimba.

Sisi pia tunayo, na ndiyo neva nene kuliko zote mwilini, inayotoka kiunoni na kupita kwenye tako. Muuguzi anayechoma sindano ya tako hulenga robo ya juu ya upande wa nje ili kuikwepa.

Kwa hiyo ukiambiwa "mshipa", uliza: una tundu? Basi ni wa damu. Unatoka kwenye mnofu na kushika mfupa? Ni kano. Unapita kati ya misuli na kugawanyika ndani yake? Ni neva.

Hatua ya 6: Zaidi kuhusu neva

Uzi ulioushika si seli nzima. Vichwa vya seli zake viko kwenye uti wa mgongo au kando yake tu, na ulichonacho ni mafungu ya mikia, yaani aksoni, yakiwa yamefungwa pamoja kwa tishu unganishi. Kwa mtu mzima, aksoni moja inaweza kutoka kiunoni hadi kwenye kidole cha mguu, karibu mita nzima, ingawa unene wake hauonekani kwa macho. Weupe unatokana na mayelini, koti la mafuta linalozunguka aksoni nyingi na kuharakisha ishara. Koti hilo hutengenezwa na seli saidizi, ambazo wanafunzi huzisahau: tishu ya neva ina nyuroni (zile seli zenye mikia) na seli saidizi, si nyuroni peke yake.

Unaweza kugusa neva yako mwenyewe. Kunja kiwiko na upapase nyuma ya kifupa cha upande wa ndani. Kuna kamba inayoteleza chini ya kidole, na ukiibonyeza kidogo unahisi kama umeme hadi kidole cha mwisho. Wahudumu wa afya hupapasa mahali hapo wanapochunguza ukoma, kwa kuwa bakteria wake hushambulia neva na zinaweza kunenepa.

Hatua ya 7: Goti

Kata kiungo kati ya paja na muundi bila kukata mfupa. Ute unaoteleza ni majimaji ya kulainishia kiungo. Kamba fupi zinazoshika mfupa kwa mfupa ni ligamenti, na zimejengwa karibu sawa na kano. Ncha za mifupa zina kofia nyeupe ya samawati, laini kama kioo: hilo ni gegedu.

Likate kipande. Halitoi damu, kwa sababu halina mishipa. Seli zake zimekaa kwenye vishimo ndani ya kitu kinachofanana na mpira, na chakula huwafikia kwa kupenyapenya tu. Mzee anayelalamika magoti, mara nyingi gegedu lake limelika, na halioti tena kirahisi. Masikio na ncha ya pua yako ni gegedu pia, zikunje, zitarudi.

Hatua ya 8: Moyo na firigisi

Misuli iko ya aina tatu, na mbili zilizobaki ziko kwenye bakuli lako.

Pasua moyo. Nyama yake ni ngumu, na nyuzi zimezunguka badala ya kunyooka. Seli zake zina milia kama za paja, ila zina matawi na zimeunganishwa ncha kwa ncha, hivyo ishara moja hupita kote na moyo ukapiga kwa pamoja. Hausubiri amri yako. Wa mtu mzima hupiga takriban mara 100,000 kwa siku.

Firigisi ni misuli laini: seli zenye ncha kali pande zote mbili, kiini kimoja, bila milia, bila hiari. Kwa binadamu misuli hii iko kwenye kuta za tumbo, utumbo, kibofu, mfuko wa uzazi na mishipa ya damu. Ile ngozi ngumu ya njano unayoimenya ndani ya firigisi huwadanganya wengi. Ni ute wa tezi ulioganda, na tishu funiko yenyewe iko chini yake. Ule mng'ao mweupe wa nje, pande zote mbili, ni kano. Firigisi moja basi ina tishu zote nne ukihesabu na neva ndogo zinazoiendesha, na ndiyo maana tunaiita ogani.

Hatua ya 9: Damu

Wanafunzi hubisha sana hapa. Damu ni tishu unganishi. Rudi kwenye swali la pili: seli zimeachana, na katikati yake kuna plazma, yaani majimaji ya damu, ambayo ni zaidi kidogo ya nusu ya ujazo wote. Mtu mzima ana lita 5 hivi. Seli nyekundu huishi siku zipatazo 120 na hutengenezwa kwenye uboho mwekundu, ule utakaouona ukivunja mfupa wa paja. Tofauti moja: seli nyekundu za kuku zina kiini, zetu zilizokomaa hazina.

Kwa nini hospitali inajali

Daktari anapokata kinyama na kukipeleka maabara, mtaalamu huko huangalia tishu. Saratani iliyoanzia kwenye tishu funiko huitwa kasinoma, na ndizo nyingi zaidi kwa watu wazima, kwa kuwa seli hizo hugawanyika kila mara na ndizo zinazokutana na moshi, jua na virusi. Iliyoanzia kwenye mfupa, gegedu, mafuta au misuli huitwa sakoma. Ukiliona mojawapo ya maneno hayo kwenye karatasi ya majibu ya ndugu yako, tayari unajua saratani imeanzia kwenye tishu gani, na unaweza kumuuliza daktari maswali ya maana.

Hatua ya 10: Siki, mkaa na sufuria

Mfupa nao ni tishu unganishi, na hapa utaona umejengwa na nini. Safisha mfupa wa muundi, uweke kwenye chupa, ujaze siki na ufunike bila kukaza. Vipovu vidogo vitaanza kupanda. Badilisha siki kila baada ya siku mbili. Mfupa mwingine uweke kwenye jiko la mkaa, nje ya nyumba, hadi ugeuke mweupe kama chokaa. Vilivyobaki, yaani gegedu, kano na miguu uliyomenya, vichemshe kwa moto mdogo kwa muda wa saa 3, chuja, acha mchuzi upoe usiku kucha. Asubuhi utatikisika bakulini kama supu ya makongoro iliyolala: hiyo ni kolajeni iliyoyeyuka kuwa jelatini. Ndiyo protini iliyo nyingi kuliko zote mwilini mwako, na mwili hauwezi kuijenga sawasawa bila vitamini C.

Baada ya wiki moja toa mfupa kwenye siki, uoshe na uukunje. Unapinda kama mpira, kwa sababu asidi imeondoa madini ya kalsiamu na kuacha kolajeni. Kisha chukua ule wa mkaa, ambao umeunguzwa kolajeni ukabakiwa na madini, na uubonyeze kwa vidole viwili. Unakatika kama chaki.